Isipite Mdomo wa Bunduki

Korporo Ekadeli amekufa kwa kitanda yake, na ugonjwa wa sukari. Wacha niseme tena polepole, juu hata mimi nilipoambiwa niliuliza mara mbili. Mtu alipigwa risasi ya mguu, akapigwa ya bega, akaanguka na pikipiki ya watu watatu kwa barabara ya Gotu, halafu akaenda kumalizwa na chai. Chai yenyewe ni yangu. Bibi yake, Akal, alikuja kwa kibanda yangu asubuhi, macho imevimba, akakaa kwa benchi, akashika kikombe na ule mkono wake wa vidole tatu, akasema, "Redio, wewe ndio utaongea kwa mazishi. Pasta ataomba, chifu atajipigia kampeni, wewe uchekeshe watu kidogo. Alikuwa anapenda vile unamtusi." Redio ndiyo jina yangu huku kwetu Ngare Mara. Niko na jina ingine ya ubatizo, lakini hiyo inajulikana na Mungu na cheti cha darasa la nane peke yao. Nikamwambia sawa, nitaongea. Akaenda. Nikabaki na sufuria ya maziwa, nikaanza kutafuta kitu ya kuchekesha juu ya huyo mzee, na ya kwanza kuja kichwani haikuwa chai wala pikipiki. Ilikuwa ile mwaka tulikuwa tunapima mimea na bunduki.

Hiyo mwaka kaunti zilikuwa zimeanza juzi tu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na maksi za kutosha kuolewa, hazikutosha kuenda sekondari, na sikuwa nimepata mtu wa kunioa mwenye anaweza kunyamazishwa bila kukasirika. Nilikuwa nalima na nyanya yangu, Ata, kwa mashamba ya mfereji. Mfereji ni ule wa kutoka mtoni, wazee walichimba na mikono, na kila boma ilikuwa na siku yake ya maji. Na ilikuwa hivi, si unajua: sisi Waturkana tunalima, tunavuna, halafu mabua tunawaachia Waborana. Hakukuwa na karatasi. Mama mmoja wa kwao anaitwa Diramu alikuwa rafiki ya Ata tangu wakiwa wasichana wa kubeba maji. Tukimaliza kuvuna, kijana yake Guyo analeta ng'ombe, wanakula mabua mpaka shamba inabaki kipara, na wakienda wametuachia mbolea kila mahali. Diramu anakuja nyuma na kibuyu ya maziwa, anasimama kwa mlango, "Salaam aleikum, nyinyi wakristo, mko hai?" Ata anajibu, "Tuko hai, mwizi wa mabua, ingia." Wanakaa kwa ile nyumba yetu ya makuti na matope, moshi mpaka machozi, wanaongea kiswahili mbovu kuliko hii yangu, wanacheka mpaka maziwa inamwagika. Shamba yetu haikuwahi kujua mbolea ya dukani. Ilijua ng'ombe ya Diramu.

Halafu wakasema serikali imekuja karibu na mwananchi. Kweli ilikuja. Ilikuja mpaka kwa mpaka. Kila mtu akaanza kuuliza mpaka iko wapi, huku ni kwa nani, hiyo lori ya murram inachota mchanga ya nani, na kila mtu akiuliza, jibu ilikuwa inatoka kwa chuma. Nakumbuka siku ilianza kwetu. Ilikuwa zamu ya boma ya Ekai ya kufungua maji. Ekai alienda juu kwa mlango wa mfereji na jembe yake mapema, sisi tuko chini kwa vitunguu tunangojea, tunamsema vile amelala huko juu. Maji ikafika. Ata alikuwa ameinama, akaosha mikono, akaangalia mikono, akasimama. Maji ilikuwa imekuja na rangi. Si nyekundu kama ya kuchinja, hapana, rangi ya chai ya mtu maskini. Hakuna mtu alipiga kelele. Tuliangalia tu venye inaingia kwa mistari ya vitunguu, mstari kwa mstari, vizuri kabisa, juu Ekai alikuwa mtu wa kufungua maji na kipimo. Tulimpata amelalia mlango wa mfereji, kifua imeziba nusu ya maji. Jembe bado alikuwa ameishika.

Vijana wetu hawakungoja azikwe. Walienda upande wa Gotu, kwa Waborana, mahali ng'ombe wanalamba chumvi, wakarudi jioni mbio na ng'ombe mbele yao, wanaimba. Mimi nilikuwa kwa barabara na wengine, nikaona ng'ombe moja ya doa nyeupe kwa paji, ile ilikuwanga inakataa kutoka kwa shamba yetu mpaka Guyo aiimbie. Nikauliza mmoja wao, "Huyu mmetoa wapi?" Akasema, "Kwa mwenyewe." Nikauliza, "Na mwenyewe?" Akaniambia, "Redio, leo zima." Ata alikuwa nyuma yangu, alisikia yote. Aliingia ndani, akachukua kibuyu ya Diramu, ile ilikuwa bado haijarudishwa, akaiosha, akaitundika kwa mti wa katikati ya nyumba. Hapo ilikaa.

Kutoka hapo ndio nilijua bunduki inalima. Ndiyo, inalima. Inakuambia upande wapi, upande nini, uvune saa ngapi. Mashamba ya chini karibu na mto tuliachana nayo, vitunguu ikaoza ardhini, ukipita na upepo ulikuwa unasikia harufu kama jikoni ya jitu. Mfereji haikuoshwa, juu kuosha mfereji lazima watu wasimame mbalimbali wameinama, na mtu ameinama akiwa peke yake ni zawadi. Tukaanza kulima karibu na nyumba tu, wanawake kumi wamebanana kwa kipande moja wanapalilia, wanaume na bunduki wamewapa mgongo. Mbuzi walikuwa wanalala pale tulikuwa tunapanda kunde. Na upande ule wa Diramu, tulisikia, ng'ombe walikuwa wanakufa na kiu wakiwa wanaona miti ya mto kwa macho. Mto ilikuwa katikati, inapita bure. Tumbili peke yao ndio walikuwa wanakunywa.

Ya mahindi ilikuja baadaye. Watu watatu walipita ndani ya mahindi ya jirani, mchana, hakuna mtu aliwaona, wakatokea hapo kwa choo ya kanisa. Waliua mzee mmoja akiwa anafunga mshipi, na msichana wa darasa la sita aliyekuwa anapeleka maji kwa wapalizi. Alikuwa anaitwa Nakiru, na alikuwa ananidai kisa ya fisi na pasta, nilikuwa nimemwambia nusu. Ekadeli ndiye alikuwa mkubwa wa homugadi, wale raia walipewa bunduki na serikali walinde kijiji, na alikuwa mrefu kama mlingoti, tunamwita Korporo hata kama jeshi alikuwa anaiona kwa barabara tu. Aliita mkutano ndani ya kanisa. Bado damu ilikuwa kwa viatu ya watu. Akasimamisha bunduki yake, G3, mbele ya madhabahu, kitako kwa sakafu, mdomo juu, akasema, "Mnaona hii? Kutoka leo, mmea wowote ukisimama na hii, usipite mdomo. Ukipita, nakata. Sitauliza ni ya nani." Mama mmoja akauliza, "Na mahindi?" "Mahindi ni adui." Mimi sikuweza kunyamaza, nikauliza kutoka nyuma, "Korporo, na wewe mwenyewe umepita mdomo, tukukate?" Watu walicheka. Kanisani, na maiti mbili nje chini ya shuka, watu walicheka mpaka mwingine akalia. Ekadeli alinyoosha kidole kwangu, akasema, "Wewe Redio iko siku betri yako itaniokoa ama itaniua." Hata yeye alikuwa anacheka, meno yote nje.

Kesho yake wakafyeka mahindi. Ilikuwa imeanza kutoa ndevu, wiki mbili tatu tungekula mabichi. Sisi wenyewe ndio tulifyeka, na panga, huku homugadi wanaangalia. Tukapanda kitu za kupiga magoti: maharagwe, ndengu, kunde, malenge. Tulikula maharagwe asubuhi, tukakula mchana, jioni tukabadilisha tukakula ile ya mchana. Kijiji nzima ikawa inanguruma. Nilimwambia Akal, bibi ya Ekadeli, wakati huo akiwa na vidole zake zote na mtoto mgongoni, kwamba adui hawezi kukuja tena, akisikia hii mlio atadhani tumenunua kifaru. Akal aliniambia, "Cheka tu. Mzee yangu analala amekaa. Anapima kila kitu. Jana amepima mtoto."

Ata hakucheka na hiyo yote. Ata alikuwa na shida yake. Kwetu mtama ni ya mwanamke. Mwanaume ako na mifugo yake, lakini mbegu ya mtama inatoka kwa mama inaenda kwa msichana, na Ata alikuwa na mtama nyekundu ya mama yake, ndani ya kibuyu imefungwa na majivu. Misimu mbili ilikuwa imepita bila kupandwa, kwanza ukame, halafu hii vita. Siku moja aliitoa mbegu kidogo akaweka kwa kitambaa ya maji, ndani ya nyumba, kando ya moto. Baada ya siku kadhaa akafungua, tukaangalia pamoja. Nusu haikuwa imeamka. Akazishika hizo zilikufa kwa kiganja, akasema, "Zinachoka. Msimu huu zisipolala ardhini, zimeisha. Nikifa nitakuachia nini, mdomo?" Nikamwambia mdomo tayari niko nayo. Hakucheka. "Mtama itapita bunduki," nikamwambia. "Itapita hata Ekadeli." Akasema, "Najua urefu ya mtama yangu."

Nyuma ya boma zetu kulikuwa na shimo ya murram. Watu wa barabara walichota mchanga hapo wakati wa kutengeneza lami, wakaacha shimo kubwa kama uwanja wa mpira, kina ya watu wawili wamebebana. Mvua ilikuwa imeingiza udongo mzuri chini, mavi ya mbuzi, majani, kila kitu ya kijiji kilikuwa kinatiririkia humo. Na ndio mahali wanawake tulikuwa tumekubaliana, sisi peke yetu, kukimbilia risasi zikianza, juu kanisa ni ya mabati na mabati haijui kuzuia kitu. Ata alishuka humo na fimbo yake ya kupandia, mzee wa magoti mbovu, akapanda mbegu yote. Yote. Hakubakisha hata ya kuonja. Mimi nilikuwa nafukia nyuma yake na mguu. Ikamea. Ikapita goti, ikapita kiuno, ikapita mimi, na ukiwa juu kwa boma huoni kitu, unaona tu shimo.

Ekadeli alikuja kupima. Nakumbuka alisimama ukingoni, akaangalia chini kwa vichwa za mtama zinaanza kushika rangi. Halafu akaweka kitako ya bunduki pale ukingoni, kwa ardhi. Mdomo ya bunduki ilikuwa juu, mtama iko chini kabisa. "Ata," akasema, "unanicheza." Ata akamjibu akiwa huko chini, hata hakuinua kichwa, "Ulisema isimame na bunduki. Sasa imesimama? Bunduki yako iko juu, mtama yangu iko chini. Imepita?" Ekadeli akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Korporo, shuka basi uisimamishe huku chini, lakini ukishuka nani atatulinda?" Alikuwa amekula kwa sufuria ya Ata akiwa mtoto, huyo, mama yake alikuwa anapika pombe na kusahau watoto. Alikaa chini ukingoni, miguu inaning'inia, akaomba maji. Akakunywa. Halafu akasema bila mchezo hata kidogo, "Ata, sikia. Huku porini sisi hatuoni watu. Tunaona ndege. Wale wa choo ya kanisa wangeonekana kama mtu angeangalia ndege. Siku ndege wataruka kutoka kwa hiyo shimo na mimi niko kwa kazi, sitauliza. Fukuza ndege. Usiwaache wakae humo." Ata akasema, "Redio anafukuza. Ndege wanachoka na kelele yake kama sisi." Na ilikuwa kweli, nilikuwa nakaa hapo kutoka asubuhi na kombeo na debe, nawatukana kwelea na mama zao.

Ilikuwa siku ya kuanza kuvuna. Ata alikuwa amechagua vichwa za mbegu, amezifunga uzi, zibaki mpaka mwisho. Jua ilikuwa imeanza kulegea, saa ya watoto kutoka shule. Bunduki zililia upande wa mto. Kwanza moja moja, tap, tap, halafu kama mahindi kwa sufuria. Watu wetu wakajibu kutoka juu ya tangi ya maji. Mimi nilirusha debe, nikashuka shimoni kumtafuta Ata, nikampata katikati bado anakata, ananiambia, "Lala chini, na usilalie hizo za uzi." Na hapo ndio kelele yangu iliisha, sasa ndege wakarudi. Wale kwelea hawaogopi risasi, risasi hawaijui. Wanajua mimi. Walishuka wote kwa hiyo mtama, wakakaa juu yetu kama blanketi, nikiwa nimelala nasikia wanatafuna, chwa chwa chwa, na bunduki zinalia juu.

Halafu wanawake wakakuja. Akal mbele, mtoto mgongoni, na wengine nyuma na watoto wa shule, waliteremka ukingo kwa matako, wakaingia kwa mtama mbio. Ndege wakaruka. Wote, mara moja. Sijawahi kuona tena kitu kama hiyo. Ilikuwa kama shimo imetoa roho. Jua ilizimika. Nikajua kabla sijasikia, nikasema, "Mungu, Ekadeli," na risasi zikaingia.

Mtama ikipigwa risasi inakatika kama mtu anapiga vidole. Vichwa zilikuwa zinatuangukia. Mbegu inaruka kwa macho. Mwanamke aliyekuwa karibu na ukingo alikaa chini polepole kama mtu amechoka, akalala, hakuamka. Akal alikuwa ameweka mkono nyuma kufunika kichwa ya mtoto, na risasi ilipita hapo, ikachukua vidole mbili, ikaacha mtoto. Alikuwa anaangalia mkono wake tu. Ata akasimama. Nilimshika nguo ikanibaki mkononi. Alipanda jiwe moja kubwa ilikuwa katikati ya shimo, kichwa na mabega zikatokea juu ya mtama, akainua mikono yote, akaita, "Ekadeli! Ni mimi! Ni nyumbani!" Lakini Ata alikuwa na sauti ya kuongea na moto, haikuwa ya kuvuka shimo. Ilimpata hapa, chini ya shingo. Alirudi nyuma akanikalia.

Sauti kubwa ilikuwa yangu. Nilifungua mdomo na kilichotoka haikuwa "tusaidie", haikuwa "simama". Nilimtukana. Nikapiga kelele na ile sauti ya kufukuza ndege, "Ekadeli mbwa wewe! Umepima, umepima, sasa unavuna? Kuja basi upime bibi yako, amepita mdomo! Kuja upime mtoto yako!" Nikaendelea, nikamtaja mama yake, nikataja ile siku alikojoa kwa komunio ya kwanza, nikataja kila kitu. Na bunduki ya upande wetu ikanyamaza. Katikati ya neno. Huko mtoni zilikuwa bado zinalia kidogo, halafu nazo zikaisha, wale watu wakaenda na mbuzi walizopata. Nikasikia miguu inakuja mbio, na mtu mrefu akatokea ukingoni, akaangalia chini, na G3 ikamtoka mkononi, ikateremka peke yake mpaka kwa mtama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya Ata, nashika shingo, damu inapita kati ya vidole, nasukuma na kiganja. Aliniangalia na hasira kabisa, ile hasira yake ya kila siku. Akasema, "Unakanyaga za uzi." Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Tulizika Ata na yule mama mwingine pamoja. Mtama hakuna mtu alivuna. Wazee walisema hiyo chakula imeoshwa na damu ya wenyewe, na hata kama hawangesema, nani angeweka kwa mdomo? Ilikauka ikiwa imesimama. Ndege walikula ya juu. Mimi sikufukuza. Watu waliniona nimenyamaza, na nafikiri hiyo iliwaogopesha kuliko bunduki, juu wanawake walikuwa wanakuja nyumbani kuniletea maharagwe na kuniomba nitusi mtu, hata mmoja. Nilikuwa naangalia kibuyu ya Diramu kwa mti, na ile ya mbegu kando yake, zote mbili tupu ndani, upepo ikiingia zinaimba kidogo.

Mvua ilipokaribia, wakubwa wa pande zote walikutana, wakakunywa soda, wakasema amani. Watu wa mto walianza kuonana tena, kwa mbali kwanza. Na siku moja nikiwa ukingoni mwa shimo nikasikia kengele, nikageuka, nikaona ng'ombe, mbavu nje, wachache, hata ishirini hawakufika, na nyuma yao si kijana. Ni Diramu mwenyewe na fimbo. Alikuwa amezeeka kwa hiyo mwaka moja kama mtu alichomwa. Hakusema salaam aleikum. Akauliza, "Rafiki yangu ako wapi?" Nikamwambia amekufa. "Nani alimuua?" Alikuwa ameshika fimbo kwa nguvu, nafikiri alikuwa anangoja nitaje jina ya mtu wao. Nikamwambia, "Ni sisi." Akaangalia chini kwa mtama. Akasema, "Na Guyo wangu?" Nilikuwa na uwezo wa kusema sijui. Nikamwambia, "Ni sisi." Alikaa chini pale pale. Mimi nikakaa. Ng'ombe walikuwa wanavuta harufu ya mabua, wanalia. Baadaye sana akaonyesha mtama na fimbo, akaniuliza, na sauti ya mtu anaulizia chumvi, "Wale?" Nikasema, "Wale." Wakateremka. Walikula kila kitu, mabua, majani, vichwa zilizoanguka chini, na zile za uzi, na uzi. Mpaka shimo ikabaki kipara. Nikaenda nyumbani nikatoa kibuyu yake kwa mti, nikamrudishia. Akaibeba tupu.

Nikadhani hiyo ndiyo mwisho ya mtama ya Ata. Lakini ng'ombe si mashine ya kusaga. Miaka ilipita, nikafungua kibanda ya chai, na msichana mmoja wa Kiborana, mjukuu ya Diramu, akateremka kwa pikipiki na mkebe ya maziwa ya unga, amefunga na kitambaa. Akasema, "Akko, nyanya yangu, anasema hii ni yenu. Na mvua ya ile mwaka, hii mtama ilimea kwa boma yetu, kwa mavi ya ng'ombe, hakuna mtu aliipanda. Anasema yeye hajui kulima, alikuwa anaifukuzia mbuzi tu." Nikafungua. Nyekundu. Nilinusa, nikasikia harufu ya ng'ombe, nikacheka, mara ya kwanza nikimkumbuka Ata.

Nilipanda nyuma ya kibanda, juu, kwa ardhi ya wazi. Bunduki za homugadi zilikuwa zimerudishwa kwa serikali. Mtama ilipofika kifua, nilijikuta nimesimama na panga, nimeshainua mkono. Nikaiweka chini. Ekadeli ndiye alikuja, mguu mbovu, mikono tupu, akasimama kando ya mistari akanyoosha kiganja pale mdomo ya bunduki ingefika. Ilikuwa imepita. Akaniuliza, "Nifukuze ndege?" Nikamletea kiti. Kila msimu kutoka hapo alikaa hapo na debe na chai yake ya sukari nyingi, na kila ndege wakiruka wote mara moja, huyo mzee alikuwa anaanguka chini kifudifudi na kufunika kichwa. Mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaona hainuki. Nikaenda nikalala hapo kando yake kwa mchanga mpaka ndege wakarudi. Hatukuongea hiyo maneno, si siku hiyo, si siku ingine. Nilimtusi tu kawaida.

Sasa leo asubuhi wachimbaji wa kaburi wamekuja kwa kibanda. Vijana. Wanasema jeneza imefika ni ndefu sana, jembe haitoshi kupima, kama niko na fimbo ndefu. Nikaingia nyuma nikakata bua moja ya mtama, na kichwa yake. Tukaenda nayo mpaka kwa boma, Akal akiwa kwa mlango, nikailaza juu ya jeneza kutoka miguu mpaka kichwa. Mmoja wa hao vijana akasema, "Kwani hii mtama ni ya aina gani? Imepita mzee." Nikaangalia. Ilikuwa imempita na kichwa nzima ya mbegu.

"Chimbeni urefu ya hiyo," nikawaambia. "Msikate."